Adam Petty: dereva wa mbio za magari wa kizazi cha nne aliyefia Loudon akiwa na miaka 19

BabaNeema_NC (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba niandike kwa kirefu, maana jambo hili limenikaa moyoni tangu kiangazi kilichopita na sijapata wa kumsimulia kwa Kiswahili.

Binti yangu Neema ana selimundu. Tunakaa Greensboro, jimbo la North Carolina, Marekani. Wenye watoto wa selimundu wanajua maisha yetu. Joto likizidi ni hofu, baridi ikizidi ni hofu, na mtoto akisema "baba, mguu" usiku wa manane ujue hakuna kulala tena. Wenzake wakienda kambi za likizo yeye anabaki nyumbani. Mwaka jana kliniki wakatuambia kuna kambi Randleman, si mbali na kwetu, inaitwa Victory Junction. Inapokea watoto wenye maradhi mazito, wauguzi na madaktari wamo humohumo, na mzazi halipi hata senti. Akaenda.

Siku ya kumchukua hakutaka kuondoka. Alinishika mkono akanizungusha. Kambi yote imepambwa kwa mambo ya mbio za magari. Akanisimamisha mbele ya picha ya kijana wa Kizungu, amevaa suti ya udereva, anacheka mpaka macho yamebaki mistari. "Baba, huyu ndiye aliyetaka kambi ijengwe. Hajawahi kuiona."

Njia nzima ya kurudi yeye alilala, mimi nikawa narudia hilo moja tu: hajawahi kuiona. Kufika nyumbani nikaanza kusoma, na sijaacha. Kijana anaitwa Adam Petty.

---

BabaNeema_NC

Kwa wasioijua NASCAR: ni mbio za magari yenye sura ya saluni za kawaida, lakini ukiondoa bodi unakuta fremu ya mabomba ya chuma na injini ya V8. Magari kama 40 yanazunguka uwanja mmoja mamia ya mizunguko, bampa kwa bampa. Kusini mwa Marekani watu wanakua nazo kama sisi tunavyokua na Simba na Yanga. Na huko ukisema "Petty", mtoto na mzee wanajua unazungumzia nyumba gani.

Baba wa babu yake Adam ni Lee Petty. Mwaka 1949 NASCAR ilipoandaa mbio za kwanza za daraja lake kuu pale Charlotte, Lee alikwenda na Buick ya kuazima, akaipindua. Hakukata tamaa. Alichukua ubingwa mara 3, na mwaka 1959 akashinda Daytona 500 ya kwanza kabisa, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR. Yeye na Johnny Beauchamp walivuka mstari pamoja, ikabidi zipite kama siku tatu za kukagua picha ndipo atangazwe yeye.

Mwanawe ni Richard, wanayemwita Mfalme. Ushindi mara 200, ubingwa mara 7, gari la bluu namba 43. Hakuna aliyeifikia hiyo 200. Mwana wa Richard ni Kyle, naye alishinda mara 8 kwenye daraja la juu. Mwana wa Kyle ni Adam, aliyezaliwa tarehe 10 Julai 1980.

Angalieni namba za milango: Lee 42, Richard 43, Kyle enzi hizo akiendesha 44, mtoto akapewa 45. Mimi hiyo inanigusa kuliko makombe. Ni kama mnavyopanga watoto kwenye mkeka wakati wa kula, kila mmoja na nafasi yake, na aliyezaliwa mwisho anasogezewa sahani.

---

Kiptoo wa Naivasha

Asante kwa uzi, ndugu. Sisi huku tumelelewa na Safari Rally, tunamjua Joginder Singh na Shekhar Mehta. Kwenye rally gari linatoka peke yake, adui wako ni saa, tope na punda milia. Hii ya kuzunguka mviringo sikuwahi kuielewa. Hebu endelea, huyu kijana alikuwa na kipaji kweli au ni jina la babu lilimbeba?

---

BabaNeema_NC

Swali zuri, Kiptoo, na hata yeye aliishi nalo. Alipofikisha miaka 18 tu mwaka 1998 akaingia kwenye mbio za ASA, shirika tofauti lililokuwa ngazi iliyo chini kuliko NASCAR, ambako vijana walipikwa. Mwaka huohuo akashinda mbio za ARCA, shirika jingine la ngazi ya chini, pale Charlotte. Baba yake naye alishinda za ARCA akiwa na miaka 18, Daytona, mwaka 1979. Gari zuri alipewa na ukoo, hilo hakuna wa kubisha. Ila jina halikanyagi breki kwa niaba yako ukiwa katikati ya kona na wenzako thelathini.

Kuna jambo la mwaka huohuo 1998 ambalo wengi wakisimulia habari zake wanalirukia. Mimi siwezi.

Kwenye mbio za ASA pale uwanja wa maonyesho wa Minnesota, Adam aliingia pembeni kwa huduma ya haraka. Mkuu wa mafundi wake, Chris Bradley, akaingia chini ya gari kurekebisha chuma kinachozuia gari lisilale upande kwenye kona. Jeki ikashushwa. Kwa dereva, gari likishuka ndiyo ishara ya kuondoka. Adam hakujua kwamba mtu bado yuko chini. Akaondoka. Chris akafariki.

Wakuu, mtoto wa miaka 18. Amefanya kile alichofundishwa, gari limeshuka, ameondoka. Na mtu aliyemuua bila kujua ndiye aliyekuwa akimwandalia gari.

---

Fundi Mbezi

Mkuu, hapo nimeweka simu chini kwanza.

Nina miaka 22 gereji. Sheria ya kwanza niliyofundishwa na mzee wangu, Mungu amrehemu, ni kwamba ukiwa chini ya gari, ufunguo uwe mfukoni kwako. Si mezani, si kwa tajiri, mfukoni kwako. Kwenye mbio hilo haliwezekani, injini inanguruma na sekunde zinahesabiwa. Kwa hiyo maisha ya aliye chini yako kwenye macho ya aliyeshika jeki na masikio ya dereva. Ishara moja ikipotea, basi.

Huyo kijana alirudije kwenye usukani?

---

BabaNeema_NC

Fundi, nadhani alirudi kwa sababu kila mtu aliyemjua alikuwa anaishi kwenye mchezo huo, na ndani ya nyumba yao lilikuwa limeshatokea. Mwaka 1975 pale Talladega, babu yake Richard aliingia pembeni gari likiwa na moto kwenye tairi. Shemeji yake, Randy Owens, kijana wa miaka 20, akafungua tangi la maji lenye presha. Likapasuka, likamuua palepale mbele ya Richard. Naamini babu alikuwa na la kumwambia mjukuu ambalo mshauri nasaha hana.

Mwaka 1999 Adam akapanda daraja la pili la NASCAR, lililoitwa Busch Series wakati ule. Mbio yake ya kwanza mwaka huo, Daytona, akamaliza wa 6. Baadaye California akamaliza wa 4, na hiyo ndiyo nafasi yake bora kwenye daraja hilo. Lakini kulikuwa pia na wiki ambazo hakupata hata mwendo wa kutosha kuingia kwenye mbio. Alikuwa anajifunza. Mpango wa familia ulikuwa mwaka 2001 aingie daraja la juu moja kwa moja.

Kabla ya hapo wakampa ya kuonja. Tarehe 2 Aprili 2000, uwanja wa Texas, Adam alianza mbio zake za kwanza za Winston Cup, ndilo jina la daraja la juu wakati ule. Injini ikamfia, akamaliza wa 40. Baba yake Kyle siku hiyo hakufuzu kwa gari lake mwenyewe, ila Elliott Sadler alipoumwa katikati ya mbio, Kyle akaingia kwenye gari lake kumpokea. Siku tatu baadaye, tarehe 5 Aprili, mzee Lee akafariki akiwa na miaka 86.

Kwa hiyo mzee aliyepindua Buick ya watu mwaka 1949 aliishi mpaka kitukuu chake kikaanza mbio za daraja lilelile. Nimewaza sana juu ya hizo siku tatu.

---

Mwanahawa

Kaka, unaandika mpaka mtu anaogopa kuteremka chini. Lakini malizia.

---

BabaNeema_NC

Ijumaa, tarehe 12 Mei 2000, New Hampshire, uwanja wa Loudon. Mazoezi tu, mbio zenyewe zilikuwa za Jumamosi.

Loudon ni uwanja wa maili moja na kidogo, kama kilomita 1.7. Sehemu zilizonyooka ni ndefu, kona zake ni za kubana na zimelala, hazikuinuka kama za Daytona. Unafika kona umejaa mwendo, na huna ukuta wa lami wa kukushika. Lazima uachie mafuta na ukanyage breki kwelikweli. Adam aliingia kona ya tatu, mafuta yakang'ang'ania. Yaani ameinua mguu, lakini injini bado inavuta kama vile amekanyaga mpaka sakafuni. Gari likaenda karibu uso kwa uso na ukuta wa zege wa nje.

Mfupa wa chini ya fuvu ulivunjika. Alikufa papo hapo. Umri miaka 19, zimebaki wiki nane atimize 20.

Kyle alikuwa Uingereza na binti yake mdogo. Habari za mwanawe zikamkuta ng'ambo ya bahari.

Hapo ndipo huwa nafunga kompyuta. Mimi nikiwa kazini na simu ikaonyesha namba ya shule ya Neema, moyo unasimama kabla sijapokea.

---

Fundi Mbezi

Niwaeleze wasio mafundi mafuta kung'ang'ania ni nini, kwa sababu yameshanikuta.

Magari yale enzi hizo yalikuwa ya kabureta. Ndani ya kabureta kuna kijilango. Ukikanyaga, kinafunguka, hewa na petroli vinaingia. Ukiachia, springi inakirudisha. Kitu chochote kikizuia kurudi, kama springi kukatika, fimbo kupinda au uchafu kuingia, injini haijui kama umeondoa mguu.

Miaka hiyo nilibadilisha kabureta kwenye Hiace ya petroli ya mteja, nikatoka kuijaribu. Sikuona kwamba nimepindisha kava la waya wa eksileta. Barabara tupu, nikakanyaga vizuri, nikaachia, gari likazidi kwenda. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, pedali ikawa ngumu kama jiwe, bado linanivuta. Nikakumbuka swichi. Nikazima, gari likasimama tairi la mbele likiwa ndani ya mtaro. Nilikaa pale kama dakika kumi, mikono haikubali kuachia usukani. Na ukizima, usizungushe ufunguo mpaka mwisho, usukani utajifunga.

Sasa mimi nilikuwa na barabara nzima mbele yangu. Kijana alikuwa na upana wa kona moja. Kutoka kugundua mpaka ukutani ni muda wa kuvuta pumzi. Je, swichi yake ilikuwa wapi?

---

BabaNeema_NC

Fundi, umegusa penyewe. Ilikuwa kwenye dashibodi, mbali na vidole. Utoe mkono kwenye usukani, uutafute, na gari linakwenda ukutani.

Na hapa ndipo ninapouma meno. Tarehe 7 Julai mwaka huohuo, wiki nane baadaye, uwanja uleule, kona ileile ya tatu, tena kwenye mazoezi, Kenny Irwin Jr. akagonga ukuta uleule akafa. Miaka 30. Naye ilisemekana mafuta yaling'ang'ania. Baada ya huyo wa pili ndipo magari yakalazimishwa kuwa na swichi ya kuzima injini palepale kwenye usukani, unaifikia kwa kidole gumba. Ni kitufe na waya, Fundi. Kitufe na waya.

Septemba waliporudi Loudon wakawekewa bamba la kupunguza hewa chini ya kabureta ili mwendo ushuke. Mbio zikakosa ladha, Jeff Burton akaongoza mizunguko yote 300, na kule hawakulitumia tena.

---

Kiptoo wa Naivasha

Lakini kitufe hakizuii shingo kuvunjika. Huo mfupa wa chini ya fuvu unavunjikaje na mtu amevaa kofia na mikanda?

---

BabaNeema_NC

Mikanda yenyewe ndiyo chanzo, Kiptoo, na nilipoelewa nilishangaa. Kiwiliwili kimefungwa kwenye kiti, hakiendi popote. Gari likisimama ghafla ukutani, kichwa peke yake ndicho huru, tena kina uzito wa kofia. Kinachomoka mbele kama embe kwenye kikonyo. Pale kichwa kinapokaa juu ya uti wa mgongo ndipo mfupa unapasuka.

Dawa ilikuwepo. Mhandisi Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Michigan State na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio, walikwisha buni kifaa kinachoitwa HANS tangu miaka ya 1980. Ni kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, na kamba mbili fupi zinaunganishwa na kofia. Kichwa kinabaki na mwili. Kilikuwa kinauzwa kabla Adam hajafika hata darasa la mwisho. Madereva wengi hawakukitaka, waliona kinabana, na NASCAR haikulazimisha mtu.

Baada ya Adam na Irwin, Oktoba 2000 akafa Tony Roper, aliyegonga Texas kwenye mbio za malori madogo. Tarehe 18 Februari 2001, mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, akafa Dale Earnhardt, bingwa mara 7, jina kubwa kuliko wote waliokuwa wakiendesha. Dunia nzima ikasikia. Na bado haikuwa lazima! Mpaka Oktoba 2001 kijana mwingine, Blaise Alexander, miaka 25, alipofariki kwenye mbio za ARCA Charlotte, ndipo NASCAR ikasema hakuna kuingia uwanjani bila kifaa cha kushika kichwa. Baadaye, kuanzia Indianapolis mwaka 2002, kuta zikaanza kuvalishwa fremu za chuma zenye sponji ngumu nyuma yake, zinazobonyea gari likigonga.

Tangu Earnhardt, daraja la juu halijazika dereva aliyefia mbioni. Mwaka 2020 Daytona gari la Ryan Newman lilipaa, likagongwa likiwa juu chini, kila mtu akajua amekwisha. Siku mbili baadaye alitoka hospitali kwa miguu yake, amewashika mkono binti zake wawili.

Nafurahi kwa Newman, tena sana. Ila wakuu, mimi nawahesabu: Adam, Kenny, Tony, Dale, Blaise. Kifaa kiko dukani muda wote huo.

---

Mzee wa Kahama

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Wazazi ndio wa kulaumiwa. Baba wa babu aliumia vibaya Daytona mwaka 1961, sivyo? Shemeji amelipuka, fundi amekanyagwa. Bado unamkabidhi mtoto gari lingine? Angesoma uhasibu angekuwa hai leo, ana miaka arobaini na kitu.

---

Mwanahawa

Shikamoo mzee. Naomba nikujibu kwa adabu.

Mimi ni wa Nungwi. Babu yangu alitoka na ngalawa kusi limepamba moto, kilirudi kipande cha mlingoti. Baba alikuwa na miaka 14. Mwezi haukuisha, bibi mwenyewe ndiye aliyemshonea tanga. Si kwamba hakumpenda. Bahari ndiyo ilikuwa inatulisha, na baba alikuwa anaijua kuliko alivyojua kitu kingine chochote. Angekwenda kuuza duka mjini angekufa kwa njia nyingine. Hao Petty nyumba yao na karakana viko ua mmoja kule kijijini. Mtoto anaamka anasikia injini. Utamwambia asisikie?

---

BabaNeema_NC

Mzee Kahama, shikamoo. Swali lako nimejiuliza, na kweli Lee aliumia 1961, ndiko kulikomaliza enzi zake. Lakini nikimtazama Kyle nashindwa kumhukumu. Mwaka uleule wa 2000 aliingia kwenye gari la mwanawe. Aliacha namba 44, akachukua 45, akaendesha nayo mpaka mwaka 2008 alipomaliza. Miaka minane na namba ya mtoto mlangoni. Ninaelewa kwa nini hakutaka mtu mwingine akae pale.

Na kuhusu kambi. Adam alikuwa hai mwaka 1999 alipotembelea na baba yake Camp Boggy Creek kule Florida, kambi ya watoto wagonjwa. Alirudi ameshikwa na wazo moja, na kwetu North Carolina ijengwe kama ile. Alikuwa na miaka 19, na ndilo alilokuwa akilizungumzia. Alipokufa, Kyle na mama yake Pattie wakalibeba hilo. Richard na mkewe Lynda wakatoa ardhi yao. Juni 2004 lango likafunguliwa. Kuna jengo linaitwa Adam's Race Shop, na humo ndimo nilimkuta Neema siku ile ameng'ang'ania usukani wa gari la mbio, mashavu yamemwiva, bila maumivu hata kidogo, ananiambia "baba subiri, bado mizunguko miwili".

---

Mwanahawa

Kaka, mdogo wangu yuko Charlotte, mtoto wake wa kiume ana selimundu, miaka 9. Hawajui chochote kuhusu hii kambi. Wanaanzia wapi?

---

BabaNeema_NC

Dada, waombe kwenye kliniki yake, au wafungue tovuti ya kambi wenyewe. Kuna fomu ya mzazi na fomu anayojaza daktari. Wajaze mapema, nafasi huisha. Wasiogope kuandika kila kitu, dawa zote, mara ngapi amelazwa, maumivu huanzia wapi. Sisi tuliandika mpaka kwamba Neema akilowa maji baridi magoti yanamuuma, na siku ya kwanza tu muuguzi alilijua hilo bila kuuliza.

Mwambie aweke sweta hata kama ni Julai, na soksi nzito pea tatu. Neema begi lake limesimama kando ya mlango tangu Jumapili, na safari bado wiki mbili.